Mulango ya Garage Inaniita na Sauti ya Shemeji

Mama Florentine mupendwa, wewe mwenye kujibu barua zetu ndani ya gazeti, naomba unisikie mpaka mwisho, sababu hapa Butembo hapana mutu naweza kumwambia hii bila kunikimbia.

Mimi ni Nasiba. Bwana yangu Jumaine anasafirisha kahawa na camion, na tunakaa na mama yake, Mama Sikitu, karibu na Rughenda, ndani ya nyumba yenye muzungu moja aliacha wakati ya dipanda, tulipopata uhuru. Iko na garage ya mulango moja ya chuma, nzito, yenye inapandaka juu: kila upande iko kamba ya chuma, na kamba inashika kisanduku ya vyuma ndani ya ukuta, vyuma vikishuka mulango inapanda. Mwaka ya Basimba, bale waasi, ni mule balikamata Ramazani, ndugu mukubwa wa bwana yangu, bakamupandisha ndani ya camion yake mwenyewe, bakaenda naye njia ya Beni, na tangu pale hapana habari, hapana kaburi.

Donc, tangu mvua hizi zilianza, mulango inasema. Asubuhi, ukungu ikiwa bado chini, inapanda yenyewe kiasi ya mukono kupita, inasimama, halafu inatoa pumzi, hhhm, vile Ramazani alikuwa anatoaka akitua gunia. Mara ya kwanza nilikuwa nafua, nikaacha nguo ndani ya maji. Mama Sikitu alitoka mbio miguu wazi: "Munasikia? Mutoto wangu anatafuta kuingia." Sasa anamuwekea sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo chini ya mulango, na sahani inarudi tupu. Anakaa pale na kiti yake, mugongo chini ya chuma, anamupa habari ya shamba na ya bale balikufa.

Mais mimi naona mambo ingine. Mulango inalalia upande ya kushoto kama mutu mwenye kuumwa kiuno, vigurudumu vyake vinaruka njia, na kamba ya kushoto imeanza kufumuka, nyuzi zinasimama kama miiba, zilinichoma kidole. Juzi, jua likiwa kali, ilianguka mara moja, ikapasua sahani, ikashika kikwembe ya Mama naye akiwa ndani yake. Tulimuvuta mpaka kikwembe ikachanika. Alicheka. "Amenishika nguo, vile alikuwa anafanyaka akiwa mutoto."

Jumaine alimuita fundi Phinées. Mama akalala chini ya mulango: "Utengeneze juu ya mwili yangu!" Fundi akabeba vyombo vyake, akaenda. Jumaine anasema hataki laana.

Na aibu yangu ni hii: nilipita pale peke yangu, mulango ikavuta pumzi, nikasikia Na-si-ba, polepole, na nikaitika. Niliinama nione ndani. Ni giza tu, na baridi kama ya kisima, na shingo yangu ilikuwa chini ya ile chuma. Sasa binti yetu Mapenzi ananiiga, anaweka sikio pale. Mama Sikitu anataka kwenda Mbau kwa dada yake. Akiwa kule, nitengeneze mulango kwa siri? Ao ni shemeji kweli, na tutamufungia inje?

Nasiba, Butembo

*

Nasiba, binti yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama. Mulango wa namna ile haungojake gazeti, ndiyo maana siku ile ile nilikutumia neno na shoferi mwenye kupanda Butembo. Wasomaji wajue nilichokwambia na kilichotokea.

Nilikwambia: toka hapo! Mulango unaolala upande, unaolia, unaopanda bila mukono, wenye kamba inafumuka, uko karibu kuua. Alama moja ilitosha kuita fundi. Wewe uliziona zote, halafu ukaingiza shingo! Nikakwambia muushushe kabisa, muufunge na munyororo, Mapenzi akae mbali, na mutu asiguse kamba, sababu inabeba vyuma na ikikatika inachapa kama fimbo. Na bwana yako nilimuuliza: unaogopa laana ya mama, hauogopi kumuzika?

Kwa siri, hapana. Mama Sikitu alinyang'anywa mutoto bila kuulizwa, musimunyang'anye na mulango bila kuulizwa. Nani anakula ile sahani, mimi sijui, na sitajifanya najua. Lakini mufu hahitaji mulango. Wenye kupita chini yake ni ninyi.

Umeniandikia tena. Ulikaa chini karibu na Mama Sikitu, ukamuuliza: "Mama, kama ni Ramazani, angependa ikuangukie?" Adhana ya alasiri ilipoita, akasema: "Mumuite fundi. Mais nitakuwa pale."

Phinées alifungua kisanduku cha kushoto akakuta maji ya mvua yameingia kwenye ukuta uliopasuka, matope yamejaa juu ya vyuma. Mvua ikinyesha, kisanduku kinashinda mulango uzito, unapanda. Kamba mbovu ikiteleza, unaanguka. Alimupa Mama ile kamba mukononi, naye Mama akapapasa nyuzi zilizokatika moja moja. Fundi akabadilisha kamba zote mbili, akanyoosha njia ya vigurudumu, akaziba ukuta, akatia mafuta. Mulango ukapanda kimya.

Mama aliingia, akasimama mahali camion ilikuwa inasimamaka. Akaita mara moja: "Ramazani!" Mulisikiliza wote. Hapana kitu kiliitika. Hapo akaanguka chini akalia kilio chenye hakulia tangu mwaka ule, na sasa unaniuliza namna ya kumunyamazisha, juu majirani wanaanza kusema.

Usimunyamazishe! Jumaine aende leo kwa shehe wenu, amuulize namna ya kumuombea mutu mwenye hana kaburi. Fundi arudi kufungua visanduku kila mvua zinapokaribia. Na wewe, toa mikeka, weka sufuria kubwa motoni, uwaite hao majirani. Waje waketi na Mama.