Filamu Aliyoifua Mama Yako

Baba Neema,

Sisi hatujambo. Neema amepanda darasa, na chumba chako cha giza cha kutolea picha bado hakijageuzwa stoo, ingawa kaka yangu kila akija hapa Engutoto anakipigia mahesabu. Mjini sasa kuna studio yenye mashine. Unaacha filamu asubuhi, jioni unachukua picha. Wateja wako wengi wamehamia huko. Karatasi na dawa ulizokuwa ukiwabembeleza watu wakuletee kutoka Nairobi, siku hizi ziko madukani. Ungekuwepo ungenuna wiki nzima, kisha ungenunua.

Kuna jambo sijakwambia. Ile picha niliyokupiga kihambani Kikwe, kwenye migomba, ukilalamika kwamba sijui kushika kamera, ndiyo ilikuwa ya mwisho, na filamu yake uliiacha hujaisafisha. Baada ya mazishi yako mama yako alikuja kukaa nami. Akaomba hiyo picha. Nikamjibu kwamba ipo, ila filamu bado haijasafishwa, nikamwonyesha ilipo mezani. Sisi wa kazi hii tumelizoea neno hilo mpaka tumesahau kwamba kwa watu wengine kusafisha si dawa gizani, ni maji na sabuni. Niliporudi kutoka sokoni nikaikuta imeanikwa juani kwenye kamba, katikati ya mashuka.

"Nimeisafisha, mwanangu," akaniambia. "Nimeisugua kwa sabuni ya mche, lakini uchafu mwingine umekataa."

Nilimshukuru, ingawa mwanga ulikuwa umeshaifuta picha. Kisha nikaingia chumba cha giza, nikafunga mlango, nikalia. Nilikukasirikia wewe, si yeye. Umepiga harusi za watu mpaka Nduruma, na sura yako mwenyewe hukumwachia mama yako hata moja.

Nikapekua negativu zako za majaribio. Nikakuta moja umejipiga mwenyewe, umeishika kanga yangu nyekundu kifuani, ulipokuwa unapima wekundu utatokaje. Nikapasha dawa kwenye beseni la maji ya moto, nikapima joto kwa kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto. Picha ya kwanza ulitoka wa manjano kama mgonjwa wa ini. Nikaongeza filta ya manjano, kama ulivyonifundisha, ingawa mpaka leo akili yangu inakataa kwamba manjano huondolewa kwa manjano. Nikarudia na kurudia mpaka ukawa wewe. Hapo nililia tena, ila si kwa hasira.

Nilimpa mama yako bila kumwambia kwamba si ile ya Kikwe, na ameitundika sebuleni kwake. Kwa nini umeshika kanga, hakuuliza. Wageni wakiisifia, anawaambia kwamba filamu aliisafisha yeye, kwa mikono yake, na kwamba mimi nilimalizia tu.

Nakuahidi sitamsahihisha, wala Neema hatamsahihisha. Pumzika, mume wangu. Nimekukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika. Na siku yake ikifika, akija huko akakusimulia jinsi alivyoisafisha, na wewe usimwambie.

Mama Neema