Kumbukumbu za Kikao cha Simu Iliyofukizwa Udi

KIKUNDI CHA MAPISHI YA HARUSI TUSHIKANE, USAGARA – TANGA
Kikao cha dharura, Jumapili 14 Mei 2000, uani kwa Mwenyekiti

WALIOHUDHURIA
Bi Asmahani – Mwenyekiti
Mwanaima – Katibu (na mwanawe Fadhil, miezi tisa, hana kura)
Shadya – Mtunza stoo
Bi Mwatum – Mjumbe
Chiku – Mjumbe

ASIYEHUDHURIA
Mwanasiti – aliaga kwamba akikwama Mwera atapiga simu.

KUMB. NA. 1/5/2000: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua saa 10:20 alasiri. Aliomba watu wasicheke mpaka ajenda ziishe.

KUMB. NA. 2/5/2000: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Bi Mwatum alisema zisisomwe, ya nyuma yamepita. Zikawekwa kando.

KUMB. NA. 3/5/2000: TAARIFA YA SIMU
Shadya alieleza kwamba simu ya kikundi aliinunua kwa kijana wa meza sokoni, mwenye bango ONGEA MPAKA PEMBA. Kijana alitoa moja, ikalia, na Shadya akasikia kabisa mtu akisema haloo. Kisha akamfungia nyingine kwenye boksi, akamwambia ni pacha wake. Alimhakikishia kwamba chaji hukaa miezi mitatu bila kuchomekwa na vijiti vya mtandao havipungui hata kisimani.

Mwenyekiti alikiri kwamba vijiti kweli havikupungua. Vilikuwa vinne Usagara, na vinne Mwera ambako hata redio inakoroma. Chiku alisema saa yake nayo haikusogea, kila siku saa nne na dakika nane, ila yeye alidhani ni saa ya Ulaya.

Basi Ijumaa, kama ilivyo desturi yetu kwamba kitu kipya hakitoki kwenda harusini kabla ya kufukizwa udi, Shadya aliiweka juu ya chetezo. Joto likabandua stika iliyokuwa mahali pa kioo. Saa, mtandao na vijiti vyote vinne vikaangukia kwenye makaa. Chini yake palikuwa na plastiki tupu, na ndani kipande cha chuma cha kuipa uzito. Kumbe ni simu ya kuwekwa kabatini watu waitazame. Aliporudi sokoni, meza ile ilikuwa inauza kandambili, na mwenye kandambili hamjui huyo kijana.

KUMB. NA. 4/5/2000: UFUNGUO WA STOO
Bi Mwatum alitoa hoja kwamba Shadya anyang'anywe ufunguo wa stoo ya masufuria, kwani asiyejua simu nzima na simu mfu hatajua pilau bichi na lililoiva. Ieleweke kwamba kwetu mwenye ufunguo ndiye mpishi mkuu, na Bi Mwatum ameutaka tangu mwaka juzi.

Shadya alianza kuufungua ufunguo kwenye pindo la kanga.

Mwenyekiti alimwambia Katibu kwamba sasa asome kumbukumbu zilizopita. Katibu alisoma kama zilivyo: "Bi Mwatum alikaa na simu siku mbili kuijaribu. Alisema inaita vizuri. Aliongea na kaka yake Haji aliyeko Wete, sauti kama yuko chumbani. Haji anawasalimu wote. Salamu zilipokelewa."

Chiku aliuliza Haji aliongelea upande gani wa plastiki. Bi Mwatum alisema watu waache utoto.

Shadya hakucheka. Alisema, "Bi Mwatum, nimeibonyeza siku nne sikusikia kitu. Uliposema umeongea na Haji, nikajua kasoro ni mimi, sikusoma."

Bi Mwatum alisema, "Na mimi sikusikia kitu, mwanangu. Niliona haya kuwa wa kwanza kusema."

Hapo kila mjumbe alikiri. Katibu naye alikiri kwamba alimwambia baba Fadhil amempigia kazini akakosekana.

Iliazimiwa: ufunguo ubaki kwa Shadya. Kitu kingine kikinunuliwa, kilie mbele ya watu watatu, na hicho hicho kilicholia ndicho kibebwe. Salamu za Haji zifutwe. Hoja hii ya mwisho ililetwa na Bi Mwatum mwenyewe.

KUMB. NA. 5/5/2000: MENGINEYO
Ilikubaliwa plastiki apewe Fadhil, anaota meno. Aliiweka sikioni akaongea kwa kirefu. Bi Mwatum alimwomba amsalimie Haji.

Kikao kilikwisha saa 11:35 jioni, Fadhil akiwa bado hewani.

(sahihi) Asmahani, Mwenyekiti
(sahihi) Mwanaima, Katibu