Mwache Simiyu Alie

Mama Nekesa, mke wangu,

Pokea salamu kutoka huku Juba. Mgongo wako unaendeleaje? Na ng'ombe alizaa ama bado? Mimi niko mzima, jua la huku limewashinda vijana lakini mimi halijaniweza. Nimeandika kwa mkono wangu kwa sababu kwa simu unanikatia. Karatasi hutaikatia. Dereva wa lori pale stendi ya Custom ataileta, isome mpaka mwisho.

Ni juu ya mjukuu wetu Simiyu na hiyo dawa ya kikohozi unayompa alale, mama yake Nekesa akienda sokoni. Ulisema mtoto hana kikohozi, ila ukimpa kijiko anatulia, hasumbui mtu. Hilo neno limeninyima raha.

Unajua kazi yangu hapa mtaa wa Gudele, natunza panya weupe wa daktari mmoja anayechunguza dawa. Hakuna mtu Juba anashika panya kama mimi. Nikifungua vizimba, wengine wanatawanyika, lakini wale wa safu ya chini wanakaa tu kwa kiganja changu. Nilijisifu mpaka kwa mlinzi: hawa nimewalea mimi, wana adabu. Daktari akasikia, akaniambia, "Mzee, hiyo si adabu. Hao walipewa dawa ya usingizi wakiwa wachanga, macho hayajafunguka."

Nilibisha. Nikasema ni mkono wangu. Akaniambia basi niwaangalie wakikua, na dawa yenyewe walishaacha kupewa. Nimewaangalia. Wenzao wanajifunza njia ya chakula, hawa wanarudi kona ile ile tupu. Juzi mmoja wao akazaa. Watoto wametapakaa kizimbani wanalia, mama amekaa anaangalia ukuta. Panya mwingine angewabeba kwa mdomo awarudishe kwa kiota. Niliwarudisha mimi, mmoja mmoja, nikiwabembeleza kama watoto wa mtu. Hilo usimwambie mtu.

Nikamuuliza daktari kuhusu Simiyu. Akasema panya si mtoto, hawezi kuapa itakuwa hivyo. Lakini kumlewesha mtoto mchanga asiye mgonjwa ni hatari, hata pumzi inaweza kukatika. Akasema mpelekeni kliniki akaangaliwe, na chupa mbebe waione. Huyu daktari hucheka nami kwa kila kitu. Siku hiyo hakucheka.

Mama Nekesa, hiyo dawa asionje tena. Najua mgongo unauma na mtoto ni mzito. Dada yangu nimeshamwambia aje akusaidie kumbeba, amekubali. Usiseme eti panya wamenizeesha. Kama nimewahi kukuambia jambo ukatii, litii hili.

Nisalimie Nekesa, mama mkwe wangu, na yule jirani fundi cherehani anayenidharau.

Nikipiga simu Jumapili, usinisalimie kwanza. Weka simu kwa mdomo wa Simiyu. Nataka anipigie kelele mpaka sikio liume.

Mumeo mwenye nguvu zake bado,
Baba Nekesa