Kofia ya Herufi Yako

Mama Koku,

Jiwe la kaburi lako liliwekwa jana, na herufi zote ziko sawa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Nimepumua.

Siku zile za hospitali ulinitajia maneno manne tu ya kuandikwa juu yake, kwa lugha ya kwenu, Kibulgaria: Тук е земята ѝ. Hapa ni ardhi yake. Nilidhani kazi ingekuwa kupata jiwe. Kumbe kazi ilikuwa ile herufi ya mwisho, yenye kimkwaju juu, kile kistari cha mlazo. Ikiwa nacho ni “yake”, ya mwanamke. Ikikikosa ni “na” tu. Nilikisahau kwenye shairi la barua yangu ya kwanza kwako, kule Sofia nilikosoma, nilipotaka kusema “macho yake”, ukanirudishia karatasi huku unacheka: “Macho na... na nini? Malizia basi, bwana.”

Fundi Deo wa Nkwenda, anayechonga mawe kwa mashine ya kompyuta, alibandika maneno yako, na mahali pa herufi ile pakatokea kisanduku kitupu. Akarudia. Kisanduku. Akasema kwa upole, “Mzee, tuivue hiyo kofia. Nani kule Ihembe atajua?”

Nikamwambia, “Mwenye jiwe atajua.”

Mimi nilikuwa nimekwisha kuliona jiwe lako likisema “hapa ni ardhi na...” miaka yote, kama mtu aliyekatizwa kauli. Nilitoka nje nikasimama kando ya magunia ya kahawa ya watu, nisijue niende wapi.

Ndipo nikampigia Koku. Binti yako alinieleza taratibu, kama wewe ulivyokuwa ukimweleza hesabu. Ndani ya kompyuta hamna herufi, kuna namba. Herufi yako ina namba yake, ila fonti ya mashine ya Deo, yaani mtindo wake wa maandishi, haikuwa na umbo la namba hiyo. Ndiyo maana ikachora kisanduku. Lakini ipo njia ya pili: namba ya и ya kawaida, ikifuatwa na namba ya kimkwaju peke yake. Kimkwaju hicho hakidai nafasi kwenye mstari. Hupanda juu ya herufi iliyokitangulia. Namba mbili, na jicho linaona herufi moja.

Akatuma maneno yakiwa yameandikwa hivyo. Deo akabandika. Ikakaa pale, ѝ, kofia imelalia upande.

“Haya, Mzee. Mama kavaa.”

Nilicheka, Mama Koku. Tangu tukuzike sikuwa nimecheka. Halafu... basi, unanijua.

Jana, baada ya mchungaji kuomba, majirani waliniuliza jiwe linasema nini. Nikawatafsiria. Wakaitikia kwa kichwa tu, kama watu walioambiwa jambo wanalolijua siku nyingi, wakaanza kuulizana habari za mvua.

Koku anataka nihamie kwake Mwanza. Mimi niliyevuka mto Kagera nikiwa mtoto, nikafuata masomo, nikafuata kazi, nikafungasha mizigo hadi wewe ukachoka kuifungua, nimemwambia hapana. Nitabaki kwenye kibanja hiki, shamba letu ulimolala. Nitapalilia migomba hadi ukingoni mwa jiwe lako, na magugu hayatakufika nikiwa na nguvu.

Pumzika, mke wangu. Sihami tena.

Baba Koku