Ukuta wa Mistari Isiyotulia

Jumatano, 10 Novemba 1999. Ni mwezi wa nane tangu nitoke Uvira. Mvua imekatika mchana, mabega bado yanauma.

Nimechoka kubeba mawe. Ndiyo maana leo nimesema "naweza" kabla sijajua kama naweza.

Bosi wetu anajenga ukuta wa mbele wa nyumba yake hapa mtaani Mbugangari kwa mawe meusi ya volkano. Uzuri wa ukuta wa namna hii ni mistari ya saruji inayopita kati ya jiwe na jiwe. Asubuhi alituita ofisini kwake, mimi na kapita anayetusimamia, akatuonyesha kompyuta. Ikiachwa bila kuguswa, kioo chake kinajichora chenyewe: mistari ya rangi inajikunja, inapishana, inageuka kitu kingine. Hamna mtu wala mti ndani yake. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

"Nataka ukuta iwe hivi," akasema. Atakayeweza ataacha mawe, atashika mwiko wa fundi mpaka nyumba iishe.

Kapita akacheka. "Patron, hii haisimame! Nitaibandika namna gani?"

Mimi nikasema naweza.

Nikaketi na penseli. Nilidhani ni kama kitenge, ua likiisha linaanza tena. Basi nikangoja mchoro wa kwanza urudi niunakili vizuri. Nimengoja mpaka matako yakafa ganzi. Mwishowe nikashika kile kidude cha mezani ili niusimamishe, na mistari yote ikapotea. Ikabaki barua ya bosi kwenye kioo, aliyokuwa akiiandika.

Béatrice, karani wake, alicheka akajishika tumbo. "Papa, ile hairudiake! Ulikuwa unangojea bisi ikupeleke Kigali?"

Niliona haya. Nikarudi kubeba mawe.

Lakini nikiyabeba nimewaza. Kama mchoro haurudii, basi hakuna cha kunakili. Nitaanzia langoni, kila mstari uzae unaofuata, ugeuke pale jiwe linapogeuka. Saruji haitanipa nafasi ya kufuta.

Nimemwomba kapita kipande cha langoni, kesho asubuhi.

"We, ukiharibu unabomoa mwenyewe. Na kisha unabeba mawe, mpaka Noeli ya mwaka kesho!"

Nimekubali.

Naogopa, sifichi. Ila ukuta huo nitaufanya.

Nyumba itaisha mwezi wa pili mwaka kesho. Mwezi huohuo nitashuka Uvira, na nitashuka nikiwa fundi.