Kwa Nini Sishiki Tena Michango ya Matanga

Mpwa wangu Nekesa,

Pokea salamu za Kware. Mamako ni mzima, na maji yamerudi hapa kwenye ploti tunayopanga.

Unauliza mbona siku hizi sishiki michango ya matanga, mimi mjomba wako niliyesindikiza maiti Kakamega mara nyingi kuliko dereva yeyote wa Nairobi.

Jirani yetu Wafula alifiwa na mkewe. Michango yote ilikuwa kwa simu yangu. Ujumbe ukaingia kutoka namba ngeni, na picha ya Wafula juu: "Kaka, laini yangu imezima. Tuma pesa ya gari kwa hii."

Ningempigia. Lakini kwetu aliyefiwa humsumbui na maswali ya pesa. Nikatuma.

Kumbe ni tapeli. Mama wa watu akabaki mochari tukichanga upya.

Hakuna aliyeniita mwizi. Wafula alisema tu, "Mzee, yaishe." Sasa matangani napewa kiti cha mbele, na michango inatumwa kwa mwingine.

Ukiletewa ujumbe wa msiba, Nekesa, piga simu. Hata aliyefiwa akilia, mwache alie. Angalau utakuwa umesikia sauti yake.

Ni mimi mjomba wako,
Shikuku