Baada ya Amri ya Shinyanga

Jumanne, 3 Juni 2025

Barua imefika. Fredrick, karani wa mahakama, kanipigia niende kuichukua, nikaenda na vumbi la pumba kichwani. Amri kutoka Mahakama Kuu, Shinyanga: mimi Klementina si mufilisi tena. Miaka mitatu! Nikasimama pale koridoni kama mtu aliyeamshwa usingizini mchana, hajui kama ni asubuhi au jioni.

Nikamuuliza hasa maana yake nini. Kanieleza taratibu. Deni la benki lililobaki baada ya mashine zangu mbili za kukoboa mpunga kupigwa mnada, kwangu mimi limefutwa. Naweza kufungua biashara. Naweza kukopa. Ila kila mkopeshaji akitafuta jina langu kwenye taarifa za mikopo ataona niliwahi kufilisika. Litakaa humo miaka kadhaa, na kila mkopo nitakaolipa vizuri utaandikwa juu yake.

Nikauliza, na kaka yangu Nkwabi aliyenidhamini?

"Amri imekufungua wewe, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mdhamini haimgusi."

Nilijua. Nilitaka tu kusikia kama labda imebadilika.

Alhamisi, 5 Juni

Kazini tangu asubuhi. Mashine ni ileile — ilikuwa yangu. Jilala aliinunua mnadani, kisha akaniajiri niiendeshe, maana ilimsumbua na mimi naijua. Wateja bado wanasema wanakwenda kwa Mama Martha, yaani kwangu. Jilala hajawahi kuwasahihisha.

Mwanga unaingia kwenye matundu ya bati, vumbi linapanda ndani yake polepole. Nikiliangalia sana sauti ya mashine inakwenda mbali. Naona maksai sita wanatoka zizini kwa Nkwabi, Ngulyati, mmoja nyuma ya mwingine. Sikuwepo siku hiyo. Wifi Kwandu ndiye alinisimulia. Benki ilipokosa kwangu ikamgeukia Nkwabi, naye akauza maksai wote wa kulimia. Msimu ule alilima kwa jembe la mkono.

Miaka miwili sijakanyaga Ngulyati. Bodaboda ni nusu saa tu.

Mteja kanishtua: mpunga ulishaisha kwenye mashine, inazunguka bure.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nimeongea na Specioza wa SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo. Nina hisa pale na akiba kidogo tangu mwaka jana. Kanishauri nichukue mkopo mdogo usiozidi akiba yangu mwenyewe. Nikamwambia huo si mkopo, ni kujikopesha. Akacheka. Akasema ndiyo, lakini utaandikwa. Na unaolipwa kwa siku yake, hata mdogo, unasema zaidi ya maneno yangu yote.

Laki moja na nusu. Miezi mitatu. Nitanunua mpunga, niukoboe, niuze mchele.

Ijumaa, 11 Julai

Nimelipa rejesho la kwanza. Siku mbili kabla ya tarehe. Nikatembea hadi nyumbani — viatu havigusi chini!

Jumamosi, 2 Agosti

La pili pia. Na mimi nimeanza tena kuota. Mashine ndogo, ya dizeli, chini ya turubai tu. Nimeshaipangia hata rangi.

Lakini mkopo mkubwa unataka mdhamini mwenye hisa. Nimewafuata wawili. Wote walinikaribisha chai. Chai tamu, maziwa mengi. Wote wakaulizia watoto. Nimerudi nimeshiba chai.

Jumatano, 17 Septemba

La tatu nimelimaliza wiki iliyopita, kabla ya tarehe. Leo nikapanda bodaboda kwenda Ngulyati kabla sijajishauri vingine.

Nkwabi alikuwa anatengeneza uzio wa zizi. Zizi tupu, nyasi zimeota ndani, laini, za kijani, na jua limelala juu yake. Ajabu — palikuwa pazuri. Nikamwamkia, Mwangaluka kaka, akaitikia bila kugeuka. Wifi Kwandu akatoa kigoda.

Nikatoa laki mbili za faida ya mchele. Nikasema mahakama imeniambia sidaiwi na mtu, lakini maksai wake nitawalipa, hata kama ni mguu mmoja mmoja. Hakuzipokea. Kwandu ndiye alizichukua, akahesabu, akafunga kwenye khanga.

Nilikuwa tayari kuondoka. Ndipo Nkwabi akasema anataka kukopa hela ya kununua maksai wawili kabla ya mvua. SACCOS ileile. Anatakiwa mdhamini.

"Utaweka sahihi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia jina langu linaweza kuizamisha fomu yake. Nikamuuliza kwa nini mimi, watu wote hawa.

"Wewe unajua kinachompata mdhamini," akasema. Akarudi kwenye uzio wake.

Njiani kurudi upepo unanipiga usoni, sijui kama alinikata au alinikaribisha.

Alhamisi, 18 Septemba

Specioza kanieleza: nikimdhamini, hisa na akiba yangu vinafungwa hadi amalize. Mwaka mmoja na nusu. Akishindwa, vinakwenda. Ya mashine ya dizeli nisahau kwanza.

Nimesaini. Mkono ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 22 Septemba

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati ya mikopo. Nkwabi yuko pembeni yangu, kofia magotini. Tangu tufike ameongelea mawingu tu. Specioza kaninong'oneza kwamba jina langu limetoka kwenye kompyuta na doa lake, na mikopo yangu — mmoja tu, umelipwa. Wanakamati watano ndio wataamua. Wawili kati yao ni wale wa chai.

Saa nzima sasa. Feni inazunguka polepole. Sauti zao zinapita ukutani kama watu wanaoongea ndani ya maji. Siogopi. Sijui kwa nini siogopi.

Mlango umefunguliwa. Mwenyekiti katoa kichwa. Hakutaja jina langu — kauliza mdhamini wa Nkwabi ni nani, aingie. Nkwabi kasimama kabla yangu, kaninyooshea kidole.

"Ni huyu. Dada yangu."

Naacha, wananingoja.